Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania) imetoka, unaisomaje bila kuchanganyikiwa

Kwanza usianze na zile klipu za wasap, ingia tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi udaunlodi mwenyewe. CAG anampa Rais ripoti mwisho wa Machi, Aprili inaenda bungeni, hapo ndo inakuwa ya wote. Afu sio kitabu kimoja, zipo kadhaa, kama unataka mambo ya halmashauri yako chukua ya Serikali za Mitaa.

Usisome ukurasa wa kwanza mpaka mwisho, utalala. Tafuta jina la halmashauri kwenye PDF, utaliona kwenye majedwali ya viambatisho huko nyuma na kiasi cha hela kabisa, mfano makusanyo ambayo hayakupelekwa benki, mi huwa naanzia hapo.

Angalia pia mwaka, ripoti ya Aprili inaongelea mwaka wa fedha ulioisha Juni 30 iliyopita, sio mambo ya jana.

Na hati safi jamani haimaanishi hakuna hela iliyopigwa, ni kwamba hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa, kwa hiyo mkurugenzi akijisifia hati safi we mwulize mapendekezo ya mwaka juzi yametekelezwa mangapi, yamo humohumo kwenye ripoti.