Somo: Kubadilisha bushi ya mkia wa transfa kesi nyumbani

Oili inapovuja nyuma ya transfa kesi, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, wengi hubadilisha sili peke yake, na haupiti muda mrefu kabla haijaanza kuvuja tena. Sili huziba tu. Kazi ya kuishika yoki (kichwa cha propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma) isiyumbe ni ya bushi, pete iliyo ndani ya mkia, na bushi ikishalika, yoki huchezacheza na kuuharibu mdomo wa sili hata kama ni mpya. Kwa hiyo, kabla ya kununua kifaa chochote, ishike yoki pale inapoingia kwenye mkia, yaani kasha la nyuma la transfa kesi, na uisukume juu na chini. Ikicheza waziwazi, bushi imekwisha. Somo hili linahusu magari ambayo yoki yake huteleza ndani ya mkia, si yale yenye flenji (bamba la kufungia shafti) iliyofungwa kwa nati.

Egesha gari mahali tambarare, zuia tairi za mbele pande zote mbili, kisha inua nyuma na uliketishe gari juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na ukumbuke kwamba propela shafti ikishatoka, gia haziwezi tena kuzuia tairi za nyuma.

Fungua kwanza nati ya kujazia oili, ndipo ufungue ya kumwagia, maana ukimwaga kisha ya kujazia ikagoma, gari halitembei. Tia alama ya rangi kwenye shafti na kwenye flenji ya difu (gia ya ekseli ya nyuma), kisha uitoe shafti.

Asiye na puli, yaani kifaa cha kuvutia bushi nje, atapata nafuu akiutoa mkia wote na kuufanyia kazi mezani. Ng'oa sili, kisha uitazame bushi kwa makini kabla ya kuigusa: pima imeingia kina gani, na uone tundu au mfereji wake wa oili umeelekea wapi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu bushi iliyoziba njia ya oili huungua mapema hata ikiwa imepigwa vizuri. Kata bushi kuukuu taratibu kwa patasi nyembamba, ukiikunja kuelekea ndani bila kuukwaruza mkia, ambao mara nyingi ni wa aluminiamu laini. Safisha, linganisha tundu, ingiza bushi mpya ikiwa imenyooka mpaka kina kilekile, ndipo ufuate na sili mpya.

Rudisha vyote kwa kukaza bolti kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na ujaze oili ya aina iliyotajwa humo mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, naweza kuigonga bushi mpya kwa nyundo moja kwa moja?
Jibu: Hapana, ndugu. Itapinda ukingo. Tumia boksi spana yenye upana unaokaribia wa bushi kwa nje, lakini usiouzidi. Kuipoza bushi kwenye friza na kuupasha mkia moto kidogo hurahisisha sana.

Swali: Yoki yangu ina mikwaruzo panapokaa sili. Niipige msasa?
Jibu: Alama hafifu husafishika kwa msasa laini sana. Mfereji unaonaswa na ukucha unahitaji yoki mpya.

Swali: Nimemaliza, oili haivuji, lakini mtetemo umebaki.
Jibu: Hakiki kwamba alama za rangi zimekutana, kisha kagua krosi zote mbili za shafti, yaani viungo vyake vinavyopinda.