Somo: Kuiona osmosisi kwa mbatata na maji ya bahari

Osmosisi, yaani mwendo wa maji kupita kwenye utando wa seli, huwasumbua wanafunzi kwa sababu hukaririshwa kabla ya kuonekana. Sisi wa Lamu hatuna udhuru, bahari iko mlangoni. Tafuta mbatata moja mbichi, kisu, rula na bilauri mbili.

Hatua ya 1. Menya mbatata, ukate vipande viwili vyembamba vya urefu mmoja. Pima, andika. Asiyepima anacheza tu.

Hatua ya 2. Bilauri moja itie maji matamu. Ya Shela yanafaa. Ya visima vya mjini yaonje kwanza, mengine yana chumvichumvi. Ya pili itie maji ya bahari, uyateke mbali na maboti yasije na mafuta.

Hatua ya 3. Tumbukiza kipande kimoja kila bilauri, uviache tangu asubuhi hadi alasiri.

Hatua ya 4. Vitoe, vifute, vipinde. Cha maji matamu kimekakamaa, ukikipinda sana hukatika tap! Cha bahari kimelegea, chapindika bila kukatika. Pima tena: hiki kimefupika.

Sasa tukae hapa kidogo. Kila seli imezungukwa na utando unaopitisha maji kwa wepesi na kuzuia chumvi nyingi. Maji huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kupita kiasi kilichomo ndani ya seli za mbatata, basi maji ya seli yakatoka. Kwenye maji matamu yaliingia, seli zikavimba hadi zikazuiwa na ukuta wa seli, ulio nje ya utando. Chembe nyekundu za damu hazina ukuta huo. Ukizitia maji matupu hupasuka. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya chumvi hutiwa gramu 9 kwa lita.

Maswali ya wanachama

Mama wa Langoni: Maalim, mwanangu alitumia mbatata ya kuchemsha. Mbona kipande cha maji matamu hakikukakamaa?

Jibu: Moto umeshauharibu utando, dadangu. Bila utando mzima, maji na chumvi hupita ovyo. Hata jikoni, chumvi haikolei ndani mpaka mbatata iive. Mrudishie mbichi.

Msomaji wa Matondoni: Mikoko yasimama baharini mchana na usiku. Mbona hainyauki?

Jibu: Swali zuri kuliko somo lenyewe. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, huiacha nyingine ipande, kisha huitoa kwa tezi za majani. Siku ya jua kali lamba jani lake utaionja. Ila kuisukuma chumvi itoke kwahitaji nguvu, na nguvu hiyo hutengenezwa na mitokondria, vijisehemu vilivyo ndani ya seli, kwa kuvunja sukari kwa oksijeni. Tope la mikokoni halina hewa, ndipo mchu ukachomoza vile vijiti vya mizizi juu ya tope ili upumue.

Kijana wa kidato cha pili, Malindi: Na ng'onda, samaki wa chumvi aliyekaushwa, haozi kwa sababu hiyohiyo?

Jibu: Hiyohiyo. Chumvi huyavuta maji ya samaki na ya bakteria pia, wakashindwa kuzaana.

Kijana huyohuyo: Basi mvuvi akiishiwa maji, anywe ya bahari?

Jibu: Asithubutu. Figo zetu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kama ya bahari, kwa hivyo mwili hupoteza maji mengi kuliko aliyokunywa.