Duka mjini, maegesho ya bure Njiro: jinsi ya kubaki na wateja wako

Kila maduka mapya yanapofunguliwa nje ya katikati ya jiji, mtaani kwetu huanza wimbo uleule: wateja wamefuata paki ya bure, sisi tutafunga. Nauza vitambaa vya mapazia, bitana, zipu, nyuzi na vifungo kwenye mtaa unaochepuka kutoka Barabara ya Sokoine, hapa Arusha. Wimbo huo niliusikia maduka ya Njiro yalipochangamka, nikausikia tena maduka ya Sable Square yalipofunguliwa kule barabara ya Dodoma. Baadhi ya walioimba wamefunga kweli. Wengine tupo, na haya ndiyo tunayoyafanya.

Hesabu kwanza, lalamika baadaye

Chukua daftari la kawaida, liweke karibu na droo ya pesa. Gawa ukurasa sehemu nne: miguu, kifodi (daladala zetu ndogo), boda au bajaji, gari lake mwenyewe. Mteja akishalipa muulize tu, "Umekujaje leo, mama?" Hakuna anayekasirikia swali hilo, na wengine watakupa habari ya foleni ya Kijenge mpaka uchoke. Pembeni andika kiasi alichonunua. Endelea wiki nzima, na wiki yenyewe iguse mwisho wa mwezi, kwa sababu Jumanne ya katikati ya mwezi itakudanganya.

Kwangu daftari lilitenganisha watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mafundi cherehani, ndio wengi. Wanashuka Kilombero au Stendi Ndogo wanatembea. Fundi anachukua zipu sita, uzi, bitana mita tatu, anapunguziwa kidogo, anaondoka, na kesho kutwa yuko hapa tena. Maegesho hayamhusu kabisa. Wa pili ni wateja wa mapazia, kina mama wa Njiro, Moshono, Ilboru, mpaka Usa River. Hao ni wachache na wana magari, ila akinunua mmoja ameacha pesa ya mafundi kumi. Huyo ndiye anayetazama Njiro na kusema huko napaki mlangoni, kwa nini nijisumbue kuja mjini?

Bila daftari utakadiria vibaya, na si wewe peke yako. Huko Uingereza, mwaka 2006, wenye maduka wa jiji la Bristol waliulizwa ni wateja wao wangapi wanaofika kwa gari. Wakakadiria asilimia 41. Walipoulizwa wateja wenyewe, ikawa asilimia 22. Naelewa kwa nini. Mwenye gari akikosa pa kupaki anaingia dukani analalamika, unamkumbuka hadi usiku. Aliyekuja kwa miguu anasalimia, ananunua, anakwenda zake.

Yale magari ya mlangoni ni ya nani?

Saa mbili asubuhi toka nje uandike namba za magari yaliyopaki mbele ya maduka yenu. Rudia saa sita, rudia saa tisa alasiri. Namba utakazozikuta mara zote tatu si za wateja. Ni za wenye maduka, wahasibu wao, na watumishi wa ofisi za ghorofani. Nafasi moja kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ni muda wa saa kumi. Mteja wangu wa pazia anahitaji nusu saa. Kwa hiyo jirani yangu mwenye Noah nyeusi, mtu mwema sana na tunazikana naye, anakalia nafasi ambayo ingetosha magari ishirini kwa zamu.

Kaeni kikao kifupi, hata kibarazani, mkubaliane magari ya wenye maduka yakae mbali. Mimi langu nimeliacha nyumbani Sakina, nakuja na kifodi kama fundi. Usitegemee wote watakubali siku moja. Wakikubali watatu kwenye mstari wenu mtaona tofauti Jumamosi hiyohiyo.

Hapa nitawaudhi baadhi yenu: ushuru wa maegesho tunaulaani bure. Yule kijana anayeingiza namba ya gari kwenye mashine, ukapata namba ya malipo ukalipa kwa simu, ndiye anayefanya gari liondoke. Siku ambazo hapiti, mtaa umejaa kuanzia asubuhi na haujiachii. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alilisisitiza jambo hili miaka mingi: bei ya maegesho iwe ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kwenye kila mtaa, na pesa zake zirudi mtaani hapohapo. Old Pasadena, karibu na Los Angeles, waliweka mita za maegesho mwaka 1993. Mapato yakaingia kwenye vibaraza, taa na usafi wa eneo lilelile, na mtaa uliokuwa umechakaa ukafufuka. Sisi tunalipa ushuru, lakini mitaro yetu mnaijua masika inavyokuwa. Mkipata nafasi ya kuongea na viongozi, hilo la pesa kurudi mtaani ndilo la kuling'ang'ania, kuliko kuomba paki ya bure itakayojazwa na sisi wenyewe.

Mfupishie mwenye gari muda

Mteja wa gari huja mjini kuchagua, kupima na kulipa. Yote matatu yanaweza kumalizika kabla hajawasha gari. Dukani kwangu simu ya WhatsApp imekuwa kaunta ya pili, na mazungumzo yake huenda hivi:

"Mama shikamoo. Nina madirisha manne ya sebuleni, nataka mapazia na shea, yale mepesi ya ndani."

"Marahaba mwanangu. Umepima dirisha au umepima bomba la pazia?"

"Dirisha."

"Pima bomba, mwanangu. Bomba linazidi dirisha pande zote mbili. Kisha pima kutoka kwenye bomba hadi sakafuni."

Dakika kumi baadaye vipimo vinaingia. Ukimwachia apime dirisha, pazia litafika fupi, mwanga utapita pembeni, na wewe ndiye utakayelaumiwa. Ukishapata urefu wa bomba, zidisha kwa mbili. Bomba la mita mbili linakula mita nne za kitambaa, na anayependa mikunjo minene mpe mita tano. Vitambaa vyangu vingi vina upana wa mita 2.8, na upana huo ukilazwa ndio unakuwa urefu wa pazia pamoja na pindo. Nyumba yenye dari la juu sana muulize mapema, kitambaa kisije kikaishia njiani.

Rangi ndiyo kazi. Picha ya simu inadanganya, hasa kijivu na rangi ya maziwa. Kata vipande vya upana wa kiganja, vitatu au vinne, andika namba nyuma kwa kalamu ya wino mzito, vitie kwenye bahasha umpe bodaboda unayemwamini. Mwambie mteja avishikize ukutani jioni chini ya taa yake mwenyewe, kwani taa nyeupe ya dukani si taa ya sebuleni kwake. Nauli ya boda analipa yeye, na akinunua unaikata kwenye bei. Boda wangu nimeelewana naye bei kwa eneo, Njiro bei yake na Usa bei yake, ili tusiwe na mabishano kila safari.

Akishachagua, mzigo unakatwa, unafungwa, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndani. Analipa kwa lipa namba. Akifika usawa wa Mnara wa Saa anapiga simu, kijana wangu anatoka na furushi mpaka ukingo wa barabara. Mteja hata mkanda hafungui. Hiyo nusu saa imekuwa dakika mbili, na huko Njiro bado angetembea kutoka kwenye gari hadi dukani na kurudi.

Kwa anayetaka kuja kushika kitambaa kwa mkono wake, na wapo, mlipie ushuru. Nimebandika karatasi ukutani: ukinunua mapazia ya dirisha moja na kuendelea, maegesho ya saa moja ni juu yangu. Nakata kwenye bei papo hapo, sina haja ya kuona risiti yake. Ni pesa ndogo kuliko punguzo ambalo angelidai hata hivyo, na anaondoka akisimulia kwamba mjini pia kuna paki ya bure.

Mtazame aliyekuja kwa miguu

Watu husahau kwamba duka la katikati ya mji linakula kwa wapita njia. Maduka ya pembezoni yana mteja mmoja anayekuja kwa nia. Sisi tuna anayekwenda Soko Kuu kununua ndizi, akaona kitambaa, akasimama.

Kwa hiyo kitu cha kukukosesha usingizi zaidi ya maegesho ni kituo cha vifodi kuhamishwa. Wenzetu wa Moshi waliozoea stendi katikati ya mji wanalijua hilo tangu stendi mpya ilipopangiwa Ngangamfumuni. Yakija maongezi ya namna hiyo kwenye kata yenu, usimtume kijana wa dukani. Nenda mwenyewe.

Ukitaka kuona yanavyokwenda yakiharibika, soma habari za Dudley, mji wa katikati ya England. Miaka ya 1980 lilijengwa eneo la maduka liitwalo Merry Hill, kilomita chache kutoka hapo, maegesho bure. Wengi husimulia maegesho tu. Lakini eneo lile lilikuwa ukanda maalumu, wenye biashara wakisamehewa kodi ya majengo kwa miaka na masharti ya ujenzi yakilegezwa. Maduka makubwa ya mjini, Marks & Spencer likiwemo, yakahamia huko, na waliokuwa wakipita mbele ya maduka madogo wakaondoka nayo. Kufika mwaka 1996 kanuni za mipango miji za England zikawa zinamtaka mjenzi aonyeshe kwanza kama eneo la kufaa halipo katikati ya mji. Dudley ilikuwa imeshaumia.

Kwa kipimo cha mtaa wako, jiulize ni nani anawaleta watu. Soko? Benki? Duka la dawa? Yule anayewaleta akitaka kuhama, hilo ni jambo la mtaa mzima.

Kibaraza nacho kiache kipitike. Machinga walipopangiwa maeneo mengine mwaka 2021, baadhi yetu tulishangilia, halafu tukatoa mabelo yetu na masanamu ya nguo tukakalia nafasi ileile. Mama mwenye mtoto mgongoni akilazimika kushuka barabarani kupishana na bodaboda, atafupisha safari yake. Mizigo ishushwe kabla ya saa mbili asubuhi. Muuza kahawa na muuza karanga waacheni, hao wanamfanya mtu asimame.

Saa za kufunga ni suala lingine. Mfanyakazi anatoka kazini saa kumi na moja na kuendelea, sisi tunaanza kuteremsha mageti saa kumi na mbili, Njiro taa zinawaka hadi usiku. Kila siku haiwezekani, wasichana wa dukani wanahitaji usafiri wa kurudi. Chagueni siku mbili karibu na mshahara, mkae hadi saa mbili usiku, ila mkae mstari mzima. Duka moja lenye taa kwenye mtaa wa giza haliingiwi na mtu.

Je, uchukue fremu huko huko?

Utashawishiwa. Kabla ya kusaini, omba hesabu nzima kwa maandishi: kodi ya fremu, halafu mchango wa walinzi, usafi, jenereta na utunzaji wa eneo la kupaki. Kile kiwanja cha magari kimenunuliwa, kimesakafiwa na kinalindwa usiku kucha; anayekilipia ni mpangaji, na mpangaji anaurudisha mzigo huo kwenye bei ya zipu. Fundi aliyefika kwa kifodi naye anachangia.

Uliza pia ni duka gani kubwa linalovuta watu pale na mkataba wake unaisha lini. Arusha tuna kumbukumbu: Shoprite iliyokuwa kwenye maduka ya TFA iliuzwa kwa Nakumatt mwaka 2014, na miaka michache baadaye Nakumatt nayo ikafunga. Duka kubwa likizima taa, wapangaji wadogo hubaki wakitazama maegesho mapana yasiyo na gari.

Kwa bidhaa zangu nimepiga hesabu nikaona mapazia yangeweza kulipa kodi ya huko, zipu na nyuzi haziwezi. Fundi hatakwenda Njiro kununua uzi. Nikaacha fremu, nikaelewana na dada mmoja mwenye duka la samani huko: vitabu vyangu vya sampuli vinakaa mezani kwake, mteja anachagua, dada anapata asilimia yake, kitambaa kinakatwa mjini na boda anakipeleka jioni.