Kufungua hesabu za zamani za chama cha msingi kwenye kompyuta ya leo

Wakiniletea flopi za chama cha msingi cha tumbaku hapa Tabora, najua ndani kuna majina ya wakulima, kilo na malipo yao. Kumbukumbu hizo ni haki ya watu, kwa hiyo tusizikimbilie.

Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 za DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows. Tutatumia DOSBox, programu ya bure inayoiga mashine ya enzi hizo.

Anza na flopi yenyewe. Sogeza kile kidude cha plastiki cha kona mpaka kitundu kibaki wazi. Hapo kompyuta itasoma tu, haitaandika. Kisha sukuma kifuniko cha chuma uangalie sahani ya ndani. Ukiona ukungu, usiichomeke kabla ya kuisafisha, maana uchafu utashika kichwa cha kusomea na kukwaruza flopi inayofuata.

Chukua nakala nzima kwenye Linux, kwa kisomaji cha flopi cha USB. Jina la kifaa lihakikishe kwa amri ya lsblk, kisha tumia ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu:

ddrescue /dev/sdb flopi1.img flopi1.log

Flopi ya MB 1.44 iliyosomeka yote hutoa faili la baiti 1,474,560. Hata hivyo soma ripoti ya ddrescue pia, kwa kuwa faili linaweza kutimia ukubwa huku lina mapengo. Yakiwepo, rudia amri hiyo ukiongeza -r3 baada ya neno ddrescue. Ddrescue itarudi kwenye sehemu zilizokwama tu.

Ukihamia Windows, fungua flopi1.img kwa 7-Zip, toa mafaili uyaweke C:\zamani. Ndani ya DOSBox andika:

mount c c:\zamani
c:
dir *.exe

Andika jina la programu, bonyeza Enter. DOSBox huandika moja kwa moja kwenye folda hiyo, kwa hiyo flopi1.img usiiguse tena.

Ikitokea “Runtime error 200”, programu iliandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu ya enzi hizo. Inapoanza hupima kasi ya mashine, na kasi ikizidi hesabu yake inafurika. Punguza kwa Ctrl+F11, au andika cycles=3000, uiwashe upya.

Kuchapisha, tumia DOSBox-X. DOSBox ya kawaida haijatengenezewa printa.

Kama kuna mafaili ya .dbf, yaani majedwali ya kumbukumbu, fungua nakala yake kwa LibreOffice Calc. Chagua mkulima mmoja, linganisha kilo na malipo yake kwenye Calc na yanayoonekana ndani ya DOSBox. Yakitofautiana, usimkabidhi karani chochote bado.