Jinsi ya kupima RNA polimerasi ya bakteria ikisita njiani, na NusA, NusG na GreB zinaifanya nini

Haya jamani, wanafunzi wa hapa Mombasa mlioniulizia, hii ndio njia tunayotumia. Kabla hujashika pipeti elewa kitu kimoja: RNA polimerasi (kimeng'enya kinachosoma DNA na kuandika RNA) ya bakteria E. coli haiendi mwendo mmoja. Ndani ya seli inapiga kama nyukliotaidi (herufi za RNA) 40 hadi 80 kwa sekunde, halafu ikifika mahali fulani inasita, na hapo ndipo protini kama NusA, NusG na GreB zinaamua iendelee, ikae ama iachie kabisa. Kwa hivyo ukiangalia tyubu moja ya mwisho hutaona lolote, zote zitakuwa zishafika. Hapa tunapima muda.

Hatua 1: ikwamishe makusudi. Templeti (DNA ya kunakiliwa) iwe na promota ya T7 A1, mahali polimerasi inapoanzia, na mbele yake kituo cha his, mahali inaposita. Weka polimerasi yenye sigma 70 (protini inayoitambua promota), ApU (herufi mbili, A na U, za kuanzia RNA), na ATP, CTP na GTP, yaani herufi A, C na G; UTP, yaani U, usiweke. Itaandika mpaka A ya 29 halafu ikwame kwa kukosa U. Alama ya P-32 (fosforasi ya mionzi) itie hapa hapa, si baadaye, maana ukifanya hivyo kila uzi wa RNA unabeba alama sawa, mfupi kwa mrefu, na bendi unazilinganisha moja kwa moja.

Hatua 2: zuia zingine zisianze. Heparini, inayonasa polimerasi zilizo huru, inatosha, ama rifampisini, hii hii dawa ya TB. Rifampisini inaziba njia ya RNA ikiwa bado fupi sana, lakini polimerasi iliyokwisha kushika mwendo haiisimamishi, ndio maana inatufaa.

Hatua 3: iachilie. Gawa tyubu, moja bila protini, moja NusA, moja NusG, moja GreB. Kwa 37°C ongeza ATP, CTP na UTP mikromola 150 kila moja, lakini GTP 10 tu, kwa sababu inasita kwenye U ya 102 na herufi inayofuata ni G, ukiipa G nyingi itapita hujaona. Chota sekunde ya 10, 20, 40, 80, 160, kila ukichota mimina kwenye formamaidi yenye EDTA, ile EDTA inanyakua magnesiamu na kazi inasimama papo hapo. Mwisho mwaga GTP nyingi kwa kilichobaki ungoje dakika chache, isiyosonga hata hapo ishakufa, usiihesabu.

Hatua 4: jeli, ya kutenganisha RNA kwa urefu. Akrilamaidi na urea. Kwa joto letu jeli inaganda haraka, sahani ziwe tayari kabla hujatia TEMED, inayoigandisha jeli, na amonia pasalfeti, mwenzake wa kugandisha, inaharibika na unyevu wa huku kwa hivyo koroga mpya kila siku. Na jasho, tafadhali! Tone moja lina RNase (vimeng'enya vya kukata RNA) za kumaliza RNA yako yote, vaa glavu na ujifute uso kabla hujainama.

Hatua 5: soma. Bendi ya 102 igawe kwa jumla yake na zote ndefu kuliko yenyewe, chora logi asilia ya jibu dhidi ya muda, mteremko (bila alama ya kutoa) ndio k, kasi ya kuondoka kituoni. Nusu-maisha ni 0.693 gawa kwa k, yaani k ikiwa 0.02 kwa sekunde ni kama sekunde 35.

NusA utaiona wazi, kwenye his RNA inajikunja kitanzi na NusA inakikazia, polimerasi inakaa zaidi. Lakini GreB hapo haifanyi kitu cha maana na wengi wanadhani protini imeharibika. Sivyo! GreB kazi yake ni polimerasi iliyorudi nyuma, ile ambayo ncha ya RNA imechomoza kwenye tundu la pembeni. GreB inaingiza mkono wake mrefu kwenye tundu hilo hilo, ncha yake yenye asidi inasaidia kushika magnesiamu, na polimerasi yenyewe ndiyo inakata kipande kilichozidi, mwisho mpya wa RNA unakaa pale pale pa kuunganishia, safari inaendelea. Hii naipenda sana kuionyesha. Itafute kwenye kituo cha ops, ambako polimerasi hurudi nyuma, na NusG pia ijaribu hapo kwa sababu NusG ya E. coli inazuia kurudi nyuma.

Na usichanganye bakteria, NusG ya Bacillus subtilis inaweza kuongeza kusita badala ya kupunguza, kwa hivyo polimerasi na protini zitoke kwa bakteria mmoja.