Naitreti kisimani: mvua ya kwanza ndiyo ya kuiwahi

Mama mmoja mwenye bustani ya mchicha na chainizi pembeni ya korongo la mchanga, huku Dodoma, alinichotea maji ya kisima chake kwenye glasi. Meupe pe. "Haya nayo yana shida gani, bwana shamba?" Nikachovya kikaratasi cha kupimia, tukasubiri kidogo. Kikageuka rangi ya waridi iliyokolea: naitreti nyingi. Nikahesabu hatua: kumi na mbili tu kutoka kisimani hadi zizi la mbuzi, na matuta ya mchicha yanaanzia palepale.

Naitreti ni sura ya naitrojeni, chakula cha mimea, inayotoka kwenye mbolea, samadi na majitaka. Haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Dawa ya klorini nayo haifui dafu.

Anayeumia kwanza ni mtoto aliye chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Ndani ya mwili naitreti hugeuka naitraiti, na hiyo huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliyaeleza haya mwaka 1945 baada ya kuona watoto waliogeuka rangi ya bluu kwa maji ya visima. Kwa watoto wetu angalia midomo, fizi na kucha. Ukiona zinageuka bluu au kijivu, usingoje kesho, kimbiza mtoto hospitali. Anayenyonya maziwa ya mama pekee yuko salama zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja.

Kikomo hicho kinafikiwa upesi kuliko unavyodhani. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kilo moja tu ya naitrojeni hiyo ikikuponyoka ikazama, inakuwa kilo 4.4 za naitreti, nazo zinatosha kufikisha kwenye kikomo lita 88,000 za maji yaliyokuwa safi. Ndoo 4,400 hizo! Na kilo hiyo uliinunua kwa pesa yako.

Inazama kwa sababu udongo haujui kuishika. Chembe za mfinyanzi na naitreti zina chaji ya umeme ya aina moja, zinasukumana, basi maji yakishuka yanaondoka nayo. Kwenye mchanga wa makorongo yetu ndiyo usiseme.

Wengi wanadhani hatari ni siku ya kuweka mbolea tu. H. F. Birch, mtafiti aliyefanya kazi Muguga, Kenya, alionyesha mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka kwa muda mrefu ukiloweshwa, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuachia naitrojeni nyingi kwa mkupuo. Sisi tuna kiangazi cha miezi saba hivi. Kwa hiyo mvua ya Desemba inapogonga, shamba linajiwekea mbolea lenyewe, na kama hakuna mzizi wa kuipokea, inakwenda chini. Anayepanda wiki tatu baada ya mvua kuanza amekwisha kuikosa. Tayarisha shamba mapema, panda na mvua ya kwanza ya kutosha, na usikimbilie yurea wakati huo. Mahindi yakifika magotini weka nusu, nyingine wiki chache baadaye, kando ya shina, kisha fukia. Ukiona wingu zito limetanda, rudisha mfuko ndani. Mbaazi ukizichanganya na mahindi zinasaidia: mizizi yake inakwenda mbali, nazo hubaki shambani zikinyonya wakati mahindi yamekwisha kuvunwa.

Ila tusiitwike yurea lawama zote. Naitreti kwenye maji ya ardhini ya Dodoma imeandikwa na watafiti tangu miaka ya 1990, na majitaka yalitajwa. Choo cha shimo na zizi vikae upande wa chini wa kisima, mita 30 au zaidi. Lundo la samadi lifunike turubai kabla ya mvua. Likichuruzika limekupotezea utamu wake wote. Mdomo wa kisima uinue, uzungushie saruji, uweke mfuniko. Halafu pima, hasa wiki chache baada ya mvua kuanza. Maabara za Wizara ya Maji ziko mikoani, na ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, itakuelekeza.

Yule mama sasa anachota maji ya kunywa bombani, akitembea robo saa. Kisima hakukifukia, nami nisingemshauri akifukie. Maji yenye miligramu 50 yana gramu 11 za naitrojeni katika kila lita 1,000, sawa na gramu 24 hivi za yurea, na mchicha haubagui ilikotoka. Tulichofanya ni kumpunguzia kipimo cha mbolea ya dukani, kutoka kifuniko cha soda kilichojaa hadi nusu, na zizi la mbuzi limehamia ng'ambo ya nyumba.