Fomu ya HELB hujazwa nyumbani kabla ya kufika saiba

Msimu wa kuitwa vyuoni ukifika, benchi la saiba yangu, duka la intaneti hapa Kayole, Nairobi, hujaa vijana waliomaliza Form Four, kila mmoja na bahasha yake ya kaki, na pembeni mzazi aliyefunga kibanda ili aje naye. Wanataka "kujaziwa HELB", yaani fomu ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kubonyeza vitufe si kazi. Shida ni kwamba fomu ile inauliza mambo ya nyumbani kwenu, na mimi siishi kwenu. Kwa hivyo haya ni ya kufanya kabla hujaja kwangu au kwa saiba nyingine yoyote.

Kwanza ujue unaomba nini. Kama ulifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka wa 2022 au baadaye, uko chini ya mpango mpya wa ufadhili uliotangazwa 2023, na ombi lako linapitia tovuti ya hef.co.ke. Ndani ya ombi hilo kuna vitu viwili: ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi, na mkopo wa HELB, ambao utaulipa wewe. Wazazi wengi hudhani ni kitu kimoja. Aliyepelekwa na KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, chuo kikuu cha kibinafsi haangukii kwenye ule ufadhili, lakini mkopo anaruhusiwa kuomba. Waliomaliza sekondari kabla ya 2022 huomba kwenye tovuti ya HELB yenyewe.

Ndiyo, nimesikia kwamba mahakama ilifuta mpango huu. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba unakiuka Katiba, kisha 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Usikae nyumbani ukingoja wanasheria wamalize. Omba.

Sasa laini ya simu. Hapa ndipo wengi hukwama, na ni jambo la kumaliza siku moja. Namba unayoweka lazima iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Vijana wengi wanatumia laini ambayo mama aliwasajilia wakiwa Form Two, na mfumo ukilinganisha namba na kitambulisho, unakataa. Kama uko Safaricom, piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ukikosa yako, usianze kubishana na simu. Nenda kwa wakala na kitambulisho, usajili laini mpya, na uishike hiyo hiyo hadi umalize chuo, kwa sababu pesa za matumizi na ujumbe wote zitafuata namba hiyo.

Barua pepe ni vivyo hivyo. Fungua yako kwa simu yako, neno la siri ulichague wewe na uliandike ndani ya daftari. Ukimwachia mtu wa saiba akufungulie haraka haraka, mwaka ujao utarudi ukimtafuta na utakuta anauza viatu. Na mtu yeyote akikuambia kuna ada ya kutuma ombi la HELB, mwambie hapana: kutuma ni bure. Sisi tunatoza intaneti, skani na kuprinti basi.

Karatasi za kubeba: kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa, namba zako za mtihani wa KCPE (ule wa darasa la nane) na KCSE, barua ya kuitwa chuoni, picha ya pasipoti, vitambulisho vya wazazi, na vitambulisho pamoja na namba za simu za wadhamini wawili. Mzazi akiwa ameaga, beba cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi, na watu wengi wamekaa nacho miaka kwenye kabati wakidhani ndicho cheti. Kama karo yako ya sekondari ililipwa na shirika, kanisa au wakfu fulani, wakuandikie barua ya kusema hivyo. Barua hii watu huipuuza, nayo ina uzito kushinda nyingine nyingi. Ukionekana umesoma shule ya karo kubwa na hakuna maelezo, mfumo utachukulia kwamba kwenu kuna pesa.

Picha za hati piga mchana, karatasi ikiwa imelala sawa, pembe zote nne zionekane. Nimeona kitambulisho kilichopigwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua, na namba ya mwisho imefichwa na kidole gumba.

Halafu majina. Linganisha kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya matokeo, herufi kwa herufi. Kama shuleni uliitwa kwa majina mawili na kitambulisho kina matatu, au h imeingia pasipotakiwa, lishughulikie mapema maana kurekebisha huchukua muda, na dirisha la maombi halikungoji.

Hapo bado hatujafika penye uzito. Penye uzito ni maswali ya familia. Mfumo hupima hali ya kwenu: wazazi wako hai au la, mapato yao, ndugu wangapi wako shuleni na wanalipiwa kiasi gani, umesoma shule ya aina gani, kama kuna ulemavu nyumbani, umetoka wapi, kozi yako inagharimu kiasi gani. Majibu hayo ndiyo yanakuweka kwenye bendi, yaani kundi la uhitaji, kuanzia ya kwanza, ya wenye uhitaji zaidi, hadi ya tano.

Kuna mama mmoja anayeuza mboga aliyekuja na kijana wake. Tulipofika kwenye mapato ya mzazi kwa mwezi, kijana akasema, "Anti, andika elfu hamsini." Nikamuuliza ametoa wapi. Akasema mama huuza za kama elfu mbili kwa siku. Mama akacheka kwa uchungu. "Hizo elfu mbili ni zangu? Si elfu moja na mia nne zinarudi sokoni kesho saa kumi ya alfajiri, na mia ya kubebewa mzigo?" Tukapiga hesabu pale kaunta, nyuma ya risiti. Kinachobaki ni shilingi 500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 13,000, wala si 52,000. Kijana hakuwa anadanganya, hakuwa anajua. Mtu wa kibanda, wa bodaboda, wa mtumba, mapato yake ni kile kinachobaki baada ya mali, mafuta na kiwanja. Ukiandika mauzo, umejipandisha bendi mwenyewe.

Kudanganya kwa upande mwingine pia sikushauri. Baba ameajiriwa na ana hati ya mshahara, wewe unaandika hana kazi, kumbe PIN yake ya KRA, mamlaka ya kodi, inaonekana. Kaeni tu mezani jioni moja, wewe na mzazi au mlezi, mwandike: nani anapata nini, nani yuko darasa gani, nani anamlipia. Kama ni mjomba aliyekulipia karo, aandikwe mjomba. Mkija saibani na karatasi hiyo, tunamaliza mkutano mapema.

Kuhusu wadhamini, waombe ruhusa. Si mashahidi wa harusi hao. Wanaweka namba zao na vitambulisho, na usipolipa ndio watatafutwa. Usimwandike jirani aliyekuachia kitambulisho akaenda zake.

Ukishatuma, printi nakala na uipige picha. Kisha majibu yakitoka, soma bendi uliyopewa kabla ya kushangilia. Kwa mgawanyo uliotangazwa, bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia inabaki na 5. Bendi ya tatu ni ufadhili 50, mkopo 30, familia 20. Ya tano ni 30, 30 na 40. Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, na wewe uko bendi ya tatu: ufadhili 100,000, mkopo 60,000, nyumbani watoe 40,000. Juu ya hapo kuna pesa za matumizi, 50,000 kwa mwaka kwa bendi hiyo, na hizi nazo ni mkopo. Kwa hivyo kwa miaka minne unadaiwa 440,000 kabla ya riba. Siwatishi. Nataka tu ujue hiyo simu mpya ya semista ya kwanza umeinunua kwa pesa za nani.

Kama bendi imekuonea, kata rufaa kwenye tovuti ile ile dirisha la rufaa likifunguliwa, na uambatishe ushahidi mpya: cheti cha kifo, barua ya kuachishwa kazi, karatasi za hospitali. "Sisi ni maskini" peke yake haisaidii. Kule nje ya HELB, usisahau basari ya NG-CDF, hazina ya eneo bunge, na ile ya kaunti inayopitia wadi. Fomu zao ni nyingine na hutaka barua ya chifu, na ile asilimia ya familia inaweza kutoka hapo.

Karo huenda chuoni moja kwa moja. Za matumizi zinakuja kwako, na mara nyingi semista huwa imeshaanza. Panga kodi na unga wa wiki za mwanzo bila kuzihesabu. Na mkopo huombwa upya kila mwaka. Wa mwaka wa kwanza haukubebi hadi wa nne. Wapo wanaosahau mwaka wa pili wakajikuta wanakopa marafiki.

Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na unatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Ukinyamaza, kuna faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi, na jina linaweza kufika CRB, wanaoweka orodha ya wasiolipa mikopo. Hata kama hujapata kazi, wasiliana nao kuliko kuzima simu. Kazi nyingi za serikali zitakuomba cheti cha HELB cha kuonyesha msimamo wako wa mkopo.

Ukikwama, si lazima upande hadi Anniversary Towers, ofisi kuu ya HELB mjini. Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ina meza ya HELB: pale GPO, Makadara, hata Eastleigh. Na kama umechukua PIN ya KRA katika shughuli hizi, kumbuka kujaza ritani ya sifuri (taarifa ya kodi ya asiye na mapato) kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka, hata kama huna mapato. Faini ni 2,000.